Matangazo Chini ya Sahani

Mume wangu ni fundi cherehani, na kama umewahi kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani huna haja ya maelezo zaidi. Unaijua habari ya "njoo kesho." Unajua jinsi sikukuu inavyokukuta kwenye benchi lake, gauni lako likiwa bado halina mikono. Basi mimi mtu huyo nilimpenda, nikaolewa naye, nikapanda naye ndege nikiamini Marekani itamnyoosha, maana tulisikia kwamba huko kila kitu kinakwenda kwa saa. Haikumnyoosha. Kilichopatikana ni mgongo kupinda, katika ghala moja la Eden Prairie alikopakia maboksi miaka kadhaa, mpaka daktari akamwambia achague mwenyewe kati ya maboksi na kutembea.

Akachagua cherehani. Hapo Apple Valley tulipokuwa tukiishi hatukupata chumba cha biashara tunachokiweza, wala ng'ambo ya mto upande wa Minneapolis. Akaenda kutafuta kusini, huko ambako taa za maduka makubwa zinakwisha na barabara inaingia katikati ya mahindi na soya. Akapata chumba katika mji mdogo wa wakulima: barabara moja, ghala refu la nafaka, benki, makanisa mawili yanayotazamana, na mgahawa. Chumba chenyewe kilikuwa kimeshikana ukuta na nyumba ya mazishi, wanapoandalia maiti na kuuza majeneza, na mwenye nyumba wetu ndiye aliyekuwa mwenye mazishi. Nilipouliza kama hakukuwa na jirani mwingine, mume wangu alinijibu kwamba jirani huyu angalau hana kelele.

Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja, kwisha kwake Aprili. Mwenye nyumba, bwana mpole mwenye mikono mikubwa, alituambia bila kuzunguka kwamba ikifika masika na duka halijasimama, atahitaji chumba chake aweke majeneza. Na sisi wawili nyumbani tulikuwa tumekubaliana letu: duka likishindwa, mume wangu anarudi ghalani, mgongo au si mgongo. Mimi nilikuwa nikilea wazee katika nyumba moja ya kutunzia wazee huko Inver Grove Heights, na mshahara wangu peke yake haukuweza kubeba watu wanne. Kwa hiyo mwaka mzima ule nilikuwa nikiuona ule mgongo wake kila nilipofumba macho.

Kazi yenyewe haikukosekana. Mji ule ulikuwa na ovaroli zilizochanika magoti, makoti ya baridi yenye zipu mbovu, maturubai, suruali za kukunja pindo, na bibi aliyekuwa akiwashonea watu alikuwa amekwisha kufariki. Tatizo ni kwamba hakuna aliyejua kuwa tupo. Watu wetu wa mjini hawakuweza kuja. Nilimwomba mama mmoja wa Kikongo, tunayesali naye, alete vitenge vyake, akanishika mkono kwa huruma. "Ni mbali mno, dada," akasema. "Essence peke yake inapita bei ya robe." Yaani petroli tu inashinda bei ya gauni. Kanisani kwetu matangazo ya biashara husomwa baada ya mahubiri, na aghalabu huwa marefu kuliko mahubiri, lakini anayekwenda kukunjiwa pindo mwendo wa saa nzima kwa gari bado hajazaliwa.

Ndipo nikaingia kwenye ule mgahawa kunywa chai, na chini ya sahani yangu nikakuta mji mzima.

Ilikuwa karatasi wanayotandika mezani mahali pa kitambaa. Katikati ilikuwa na ramani ya wilaya, na pembeni kote visanduku vya matangazo. Daktari wa meno alikuwa amecheka mpaka magego. Wakili alikuwa anaandika wosia. Muuza mbegu, fundi wa kuchomea vyuma, daktari wa ng'ombe, wakala wa bima, wote walikuwepo na picha zao, na kwenye kona ya chini, pale unapomwagikia ute wa yai, alikuwepo mwenye nyumba wetu na mikono yake mikubwa, ameandika kwamba yupo kwa ajili yako utakapomhitaji. Nilicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kama nimepaliwa. Lakini nilipotazama huku na huku niliona wazee wa mji wamekaa na vikombe vyao, wanaisoma ile karatasi kama gazeti la leo, ingawa ni hiyohiyo waliyoisoma jana na mwaka mzima. Hata anayekula pale mara moja tu hawezi kuondoka bila kumjua daktari wa meno. Nikasema, hapa ndipo pa kutangaza.

Mume wangu akasema, "Chema chajiuza."

"Chema chajiuza kikiwa sokoni," nikamwambia. "Chako kimefungiwa ubavuni mwa majeneza. Biashara matangazo, baba."

"Kibaya chajitembeza."

Huwezi kubishana na mtu mwenye nusu ya pili ya methali. Nikaenda kumtafuta mwenye zile karatasi.

Alikuwa mama mmoja aliyekuwa peke yake gazeti zima la mji. Yeye ndiye aliyepiga picha, yeye aliyeandika nani kazaa na nani kashinda mashindano ya malenge, yeye aliyeuza matangazo na kuyapeleka mgahawani kwa gari lake. Alikuja dukani na kalamu, akakaa, akamuuliza mume wangu swali ambalo kwa Mmarekani ni salamu tu: wewe unawapita wengine kwa nini?

Mume wangu alinitazama. Kwetu fundi anayejisifia mkono wake ndiye unayemkimbia, maana kitambaa chako kitarudi kaptula. Akakuna kidevu, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Tunajaribu, mama."

Kalamu haikuandika. Yule mama akangoja, akatabasamu, akangoja tena. Niliona Aprili inakuja mbio na mgongo wa mume wangu chini ya boksi.

"Andika," nikasema, "kazi inatoka siku hiyohiyo."

Mume wangu alinitazama kama mtu aliyemwona mkewe akiapa uongo mahakamani. Nilijua hawezi. Lakini nilikuwa na hesabu yangu: mtu akisoma ahadi yake chini ya kila sahani ya mji, aibu itamkimbiza. Sikumjua vizuri, baada ya miaka yote ile.

Karatasi zilipotoka nilimletea moja, nikaibandika ukutani mbele ya cherehani. Akavaa miwani, akaisoma yote. Si tangazo letu alilosoma. Alisoma ya wenzake, sanduku baada ya sanduku, na uso ukawa mzito.

"Mama," akaniita, "hawa watu wote wametukaribisha, na sisi hatujaenda hata kwa mmoja."

Nikasogea kutazama. Ni kweli, kila tangazo lilikuwa na neno lake la mwisho. Muuza mbegu: pita wakati wowote, kahawa haikosi. Benki: ingia utusalimie. Wakili: mlango wetu u wazi. Hata mwenye mazishi alisema usisite kupita mzungumze.

"Hayo ni matangazo, baba," nikasema. "Ndivyo wanavyomalizia. Hawamaanishi wewe."

"Karibu ni karibu. Mtu amekuandikia njoo, ana picha yake hapo, wewe unapita mbele ya mlango wake kama humwoni. Wataniona mtu gani?"

Nikamgeukia binti yetu, aliyekuwa amekuja nami siku ile, amweleze baba yake mambo ya huku. Akajibu kwa Kiingereza bila kuinua macho kwenye simu, kwamba nimwache tu. Hawa watoto wetu Kiswahili wanakisikia vizuri sana ukitaja chakula.

Jumapili akakaanga maandazi mwenyewe, bakuli kubwa. Jumatatu akafunga duka, akabandika mlangoni kikaratasi cha "narudi sasa hivi," akaanza ziara. Kwa muuza mbegu alikaa mpaka adhuhuri. Benki nayo ilikuwa na kahawa, kwenye chupa karibu na mlango, akanywa vikombe viwili huku wafanyakazi wakimletea vitabu vya mikopo. Kwa daktari wa meno yule dada wa mapokezi alimuuliza ni lipi linalouma, akasema hakuna, nimekuja kusalimia. Dada akashindwa amwandike wapi. Wakili alimwambia kwamba mazungumzo ya kwanza huwa bure, na mume wangu akafurahi sana. "Nikamwambia hata yangu ni bure," alinisimulia jioni, na uso wake unang'aa kama wa mtu aliyefanya kazi.

Sikujua nilie au nicheke. Zile saa alizokuwa akisambaza maandazi ndizo saa ambazo tangazo lilikuwa likifanya kazi. Siku yangu ya mapumziko nikaja kumsaidia, na mlangoni nikamkuta mkulima amesimama kwenye theluji, koti la mwanawe mkononi, anakisoma kile kikaratasi kwa uvumilivu. Nilipomuuliza amengoja sana, akasema hapana, si sana. Nyusi zake zilikuwa zimeganda.

Siku ile nilisema maneno mengi. Nilisema kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nilimuuliza kama anautaka mgongo wake au hautaki. Yeye akanyoosha koti la yule mtoto juu ya meza, akaitazama zipu, akageuza akaitazama bitana, akatikisa kichwa kama daktari. "Huyu alishonewa na nani?" akauliza. "Tazama huku ndani. Hili lazima nilifumue."

Hapo sasa ndipo palipokuwa na shida yenyewe. Watu walianza kuja, wengine na ile karatasi wameikata wameishika mkononi, kidole juu ya "siku hiyohiyo." Mume wangu akiletewa zipu huona bitana. Akiletewa bitana huona mabega. Kabla hajashika mkasi lazima amuulize mwenye nguo habari za nyumbani, na za watoto, na yule ng'ombe aliyekuwa hali majani amepona? Halafu anaiweka nguo juu ya nyingine, anamtazama mtu usoni kwa upole, anasema, "Njoo kesho."

Nikamletea vikaratasi vya kufunga kwenye nguo, niandike tarehe ya kuchukua kwa wino mwekundu. Akavifunga vyote vizuri, na tarehe zikapita vikiwa vimening'inia.

"Haraka haraka haina baraka," akasema.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamwambia. "Na matumbo yanayoumia ni yetu."

Kilichozidi kunichosha ni kwamba watu wa kule hawagombi. Kwetu mteja angemwaga mboga, jirani wakasikia, fundi akashona usiku kucha. Hawa wakiambiwa njoo kesho wanasema sawa tu. Lakini nimelea wazee wa Minnesota, naijua hiyo "sawa tu." Ndiyo wanayosema supu ikiwa na chumvi nyingi, na ndiyo wanayosema nyumba ikiungua. Mtu anasema sawa tu, anaondoka, humwoni tena. Februari ilipoingia nguo kwenye waya wa kutundikia zilianza kupungua, na si kwa sababu zilikuwa zimekwisha.

Mwenye nyumba alikuwa anatuzolea theluji mlangoni anapozoa yake. Asubuhi moja alipomaliza akaingia, akapangusa viatu, akautazama ule waya wenye nguo chache, akauliza mambo yanakwendaje. Nikasema yanakwenda. Akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema kuna mtu anataka kumleta, kama fundi ana nafasi, nami nikajibu kabla ya mume wangu kwamba nafasi ipo.

Alimleta mzee mmoja mkulima, mrefu, ambaye zamani lazima alikuwa jitu. Sasa koti lilikuwa linamning'inia kama lililotundikwa. Mkononi alibeba suti ya kijivu. Akaiweka mezani, akatueleza shida yake kwa sauti ile ile ambayo mwingine angetumia kueleza habari za zipu. Alikuwa anaumwa, madaktari wamekwisha sema, na hii ndiyo suti atakayozikiwa. Aliinunua kwa harusi ya binti yake alipokuwa mnene. Alimsikia ndugu yake akisifiwa siku ya kuagwa, jinsi nguo ilivyomkaa, lakini yeye alikuwa amesaidia kumvisha, akajua kwamba nyuma koti lilikuwa limekatwa toka kola hadi chini, likakunjwa na kuchomekwa. Mwenye nyumba akatazama viatu vyake, akasema kwamba ndivyo kazi ile inavyofanywa.

"Najua," mzee akasema. "Ila mimi sitaki kukatwa nyuma. Nataka initoshe." Kisha akaonyesha ile karatasi ukutani. "Nilisoma kwamba mnafanya siku hiyohiyo."

Mume wangu alisimama. Akamvalisha lile koti, akachukua tepu, akampima mabega, kifua, kiuno, chaki mdomoni. Anapopima huwa hasemi. Alipomaliza akafanya alichokuwa akimfanyia kila mteja tangu nimjue, toka Morogoro hadi hapa.

"Unaihitaji lini?" akauliza.

Nilikuwa kwenye meza ya pasi. Niliomba ardhi ipasuke inimeze pamoja na pasi. Mwenye nyumba alikohoa. Yule mzee alifikiri swali lile kwa dhati, kama mtu anayehesabu mvua.

"Sina haraka," akasema.

"Basi njoo kesho."

Akaja. Akakaa kwenye kiti kando ya hita, mume wangu akamwekea kahawa, wakaongea habari za mahindi. Mume wangu alimsimulia shamba la baba yake na nguruwe waliokuwa wakilimaliza, na mzee akamsimulia kulungu, wakaona kwamba ni tabu moja. Nikiwa na zamu sikuwepo, nikiwa sina niliwakuta vilevile, mmoja kwenye cherehani, mwingine kwenye kiti. Mzee akiinuka kuaga anavalishwa koti la suti, anachomwa pini mbili tatu, anavuliwa. "Njoo kesho." Naye anasema sawa tu, na kesho yake gari lake lipo nje. Alikuwa amejiletea kikombe chake kutoka nyumbani.

Nilivumilia wiki ya kwanza na ya pili. Machi ilipofika sikuvumilia tena. Kuchelewesha harusi ya mtu ni jambo moja. Huyu alikuwa anakonda mbele ya macho yetu, sasa anapanda ngazi moja ya mlango kwa kupumzika, na mume wangu anamwambia njoo kesho kama vile kesho ni mali yake. Nikajiambia siku ile nitaimaliza suti mwenyewe, kwa mkono ikibidi. Mzee alipoondoka nikaenda nyuma ya pazia, mahali anapoficha viporo vyake, nikaitafuta.

Ilikuwa imekwisha. Imepigwa pasi, imevalishwa mfuko, mabega yamepunguzwa kwa mshono usioonekana, bitana mpya ya hariri imeshonwa kwa mkono kuanzia kwapa hadi pindo, mahali ambapo hakuna mtu duniani atakayetazama. Nikarudi nayo.

"Hii imekwisha," nikasema.

"Imekwisha."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ileile aliyoileta." Hakuinua macho. Alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano ya cherehani. "Nikiona amepungua, nafumua kidogo ubavuni, nashona tena. Imtoshe siku yoyote."

"Sasa mbona unamzungusha mzee wa watu?"

Akaupitisha uzi kwanza. "Nikimkabidhi," akasema, "ataipeleka nyumbani aitundike. Halafu atakaa kitandani aitazame. Mtu akishachukua nguo yake, mama, hana tena sababu ya kutoka."

Nilikasirika kuliko siku zote za mwaka ule. Nilitaka kumwambia Aprili. Nilitaka kumwambia mgongo. Nikairudisha suti nyuma ya pazia, nikasimama hukohuko gizani nikalia, halafu nikatoka nikamwambia kwamba ile ovaroli ya Jumanne nayo asidhani nimeisahau.

Mwanzoni mwa Aprili, theluji ikiwa imebaki kwenye vivuli tu, asubuhi moja gari la mzee halikuja. Nilikuwepo. Mume wangu aliweka kahawa, akangoja, akakitazama kiti, akaenda nyuma ya pazia akaleta suti. Akafumua ubavuni. Alishona mpaka saa za chakula cha mchana, nami nikampigia pasi alipomaliza. Mwenye nyumba alipoingia kwa mlango wa nyuma alikuta imetundikwa. Hakuuliza kama iko tayari. Aliipokea kwa mikono miwili, akarudi nayo upande wa pili wa ukuta.

Tulikwenda kumuaga. Huku jeneza huwa wazi, na watu hupita mmoja mmoja kumtazama mtu wao. Alikuwa mdogo mno mle ndani, lakini koti lilikuwa limemkaa mabegani kama vile alizaliwa nalo. Mkulima mmoja aliyesimama mbele yangu alimtazama muda mrefu, akatazama mabega, akatazama mkono wa shati ulivyotokeza. "Si mbaya," akasema. Mimi nimekaa na watu wale, najua kwamba juu ya hapo hakuna neno. Tulipokuwa tunatoka mwenye nyumba alitufuata mpaka kizingitini, akamwambia mume wangu kwa sauti ya chini kwamba hakugusa chochote nyuma. Kisha akasema kwamba majeneza atayatafutia mahali pengine, na mkataba atauleta Jumatatu.

Jumatatu mji ukaja. Walikuja na suti za harusi na makoti ya kanisani, na wengine na mazipu waliyoyachukua kwa hasira Februari. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nikashika wino wangu mwekundu, nimejiandaa kwa vita.

Hapakuwa na vita. Mwanamke mmoja alitoa suruali, mume wangu akaipokea, akaibadilisha zipu mama yule akiwa bado amesimama, akamrudishia. Hakumuuliza habari za nyumbani. Aliyefuata alikuwa na pindo, likakunjwa, likapigwa pasi, akaondoka nalo. Alishona kama mashine, kichwa chini, na kila aliyeingia alitoka na chake, mpaka ilipofika adhuhuri waya ulikuwa mtupu. Kwa mara ya kwanza tangu lichapishwe, tangazo langu lilikuwa linasema kweli. Nilikuwa nimeililia siku hiyo mwaka mzima, na sasa imefika, nikaiona jinsi ilivyo mbaya. Kiti kilikuwa kitupu kando ya hita, na kikombe cha mzee kilikuwa bado pale dirishani.

Akaingia yule mkulima niliyemkuta siku ile kwenye theluji. Safari hii alikuwa na ovaroli yake mwenyewe, imechanika goti. Mume wangu akanyoosha mkono bila kumtazama. Nikawahi kuichukua mimi, nikaikunja, nikaiweka nyuma yangu.

"Njoo kesho," nikamwambia. "Kahawa ipo."

Mume wangu akainua kichwa. Yule bwana aliitazama ile karatasi ukutani, akakitazama kiti kando ya hita, akasema sawa tu. Kesho yake akaja asubuhi, akakaa, na hakuuliza kama ovaroli imekwisha.